Albamu za Mkusanyiko kama Diwani: Nyimbo Zilizovuma Katikati ya Miaka ya 1980 katika Ufuo wa Ziwa Victoria, Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza albamu za mkusanyiko zilizotokana na nyimbo zilizovuma nchini Kenya katikati ya miaka ya 1980. Mkazo umewekwa kwenye nyimbo zilizosikika katika ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Port Victoria. Hoja kuu ni kwamba albamu ya mkusanyiko ni diwani: ina mhariri, ina vigezo vya uteuzi, na ina mambo inayoyaacha nje. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeitumia kama data ya fasihi simulizi au ya isimujamii hana budi kuisoma kama matini iliyohaririwa, wala si kama sauti ya enzi yenyewe. Makala yanaonyesha mabadiliko manne yanayoupata wimbo unapoingia katika mkusanyiko, yaani ya umbo, ya majina ya watu, ya lugha na ya muktadha wa kisiasa. Mwishoni panapendekezwa njia ya kuandaa mikusanyiko ya nyumbani.

1.0 Utangulizi

Katika masomo ya ushairi, mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba diwani haijikusanyi yenyewe. Yupo mtu aliyezichagua tungo, akazipanga, akazipa vichwa na kuziandikia utangulizi. Swali la nani alihariri, kwa ajili ya nani na kwa kusudi gani, huulizwa kabla ya beti kuchambuliwa. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo anapofanya utafiti kuhusu nyimbo za dansi, mara nyingi huichukua sidii au faili ya sauti na kuanza kunukuu maneno moja kwa moja, kana kwamba kilichomo humo ndicho kilichosikika baa na sokoni miaka arubaini iliyopita.

Albamu ya mkusanyiko ni albamu inayoweka pamoja nyimbo za wanamuziki mbalimbali, au nyimbo za msanii mmoja zilizotolewa nyakati tofauti. Katika biashara ya muziki ya ulimwengu, miaka ya 1980 ilikuwa ya neema kwa aina hii ya albamu. Nchini Uingereza, kampuni za Virgin na EMI zilishirikiana mwaka 1983 kuanzisha mfululizo wa Now That's What I Call Music, uliokusanya nyimbo zilizokuwa zikivuma wakati huo huo. Kwa upande wa Kenya, mikusanyiko iliyopata umaarufu zaidi haikutoka wakati nyimbo zilipokuwa zikivuma. Mingi ilitoka miaka michache baadaye na nchi za mbali, hasa London na Marekani. Tofauti hiyo ya wakati na mahali ndiyo chanzo cha mambo yanayojadiliwa hapa.

2.0 Usuli: Ufuo, Redio na Shule

Kisumu, ambayo awali iliitwa Port Florence, ilifikiwa na reli mwaka 1901. Kutoka hapo meli ziliiunganisha na Mwanza, Musoma, Bukoba na bandari za Uganda. Ufuo huo ukawa mahali pa kukutania lugha: Kijaluo kwa sehemu kubwa, Kisuba upande wa visiwani, na lugha za Wanyala na Wasamia kaskazini katika eneo la Port Victoria, karibu na mahali ambapo mto Nzoia huingia ziwani. Kiswahili kilikuwa lugha ya bandari, ya soko la samaki na ya safari.

Muziki wa benga ulikulia katika mazingira hayo. Upigaji wake wa gitaa unaiga kwa kiasi kikubwa udonoaji wa nyuzi za nyatiti, ala ya jadi ya Wajaluo. Mmoja wa vinara wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa upande wa Tanzania karibu na Shirati, akaanzisha bendi ya Shirati Jazz mwaka 1967 na kufanya kazi yake nchini Kenya mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na hata ulipofunguliwa tena mwaka 1983, wanamuziki wenye asili ya Tanzania walikuwa wamekwisha kuweka makazi Kenya. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa Simba Wanyika walitoka Tanga. Issa Juma wa Super Wanyika Stars naye alikuwa Mtanzania. Kutoka upande wa Kongo walifika Super Mazembe na Samba Mapangala wa Orchestra Virunga.

Mambo mawili ya kitaifa yanahitaji kutajwa. Kwanza, redio ilikuwa moja, Sauti ya Kenya. Mwaka 1980 ilitangaza kwamba robo tatu ya muziki utakaopigwa ungekuwa wa Kenya, lakini agizo hilo halikudumu. Pili, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Kwa hiyo, katika miaka ile ile ambapo mtoto wa Kisumu alianza kusahihishwa upatanisho wa ngeli kwa kalamu nyekundu, jioni alisikia Kiswahili kingine kabisa kikitoka katika vipaza sauti vya maduka na mikahawa. Nyimbo zilizovuma miaka hiyo ni ushahidi wa Kiswahili hicho cha pili, na ndiyo sababu namna zilivyohifadhiwa inapaswa kumshughulisha mwanafunzi wa lugha.

3.0 Mkusanyaji wa Kwanza: Muuza Kanda

Kabla ya kampuni za ng'ambo kuandaa mikusanyiko, mikusanyiko ilikuwepo. Muuza kanda aliyekuwa na santuri nyingi na mashine ya kunakilia alimwandalia mteja kanda ya dakika 60 au 90 yenye nyimbo alizozitaka. Mteja alitaja majina na muuzaji akapanga. Nafasi ikibaki mwishoni mwa upande wa kanda, muuzaji aliijaza kwa wimbo aliouona unafaa. Huo ulikuwa uhariri kamili: uteuzi ulifanywa na msikilizaji, na mpangilio ukafanywa na fundi aliyejua ladha ya mtaa wake.

Ni kweli kwamba biashara hiyo iliwanyima wanamuziki haki yao. Santuri moja iliyonunuliwa kihalali iliweza kuzaa kanda mamia zisizomletea mtunzi hata senti. Chama cha Hakimiliki za Muziki cha Kenya kilianzishwa mwaka 1983, lakini uharamia wa kanda uliendelea kuidhoofisha biashara ya santuri katika muongo huo wote. Pamoja na ubaya wake, kanda hizo zina thamani moja kwa mtafiti: zinaonyesha ni nyimbo zipi ambazo watu wa mahali fulani walizipenda zikae pamoja. Kanda ya mtu wa Kisumu ingeweza kuweka benga ya Kijaluo kando ya rumba ya Kiswahili na wimbo wa Kilingala, bila kujali mipaka ambayo wataalamu waliichora baadaye baina ya aina hizo.

4.0 Mikusanyiko ya Ng'ambo

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, hamu ya muziki wa Afrika ilikuwa imekua Ulaya na Marekani. Mwaka 1989 kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa The Nairobi Beat, albamu iliyoandaliwa na Doug Paterson. Huu ndio mkusanyiko unaolingana zaidi na mada ya makala haya, kwa kuwa unaangazia muziki wa Kenya wa katikati ya miaka ya 1980. Ndani yake mna benga ya Wajaluo, ya Wakikuyu, ya Wakamba na ya Waluhya, pamoja na nyimbo chache za Kiswahili na za mtindo wa Kikongo. Kampuni ya Earthworks ya London ilifuata kwa Guitar Paradise of East Africa mwaka 1990 na Kenya Dance Mania mwaka 1991, ambazo zilichanganya nyimbo za miaka ya 1970 na ya 1980. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns, pia ya London, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Issa Juma na Super Wanyika Stars za kati ya 1982 na 1986. Kampuni ya Soundway nayo ikatoa Kenya Special mwaka 2013.

Kazi hizi zina sifa zake, na haingekuwa haki kuzibeza. Ziliokoa nyimbo ambazo santuri zake zilikuwa zikiharibika kwa vumbi na joto. Ziliwataja wanamuziki kwa majina yao, na mara nyingi ziliambatanishwa na kijitabu cha maelezo. Hata hivyo, msikilizaji aliyelengwa alikuwa mtu asiyejua Kiswahili wala Kijaluo. Vigezo vya uteuzi vilikuwa utamu wa gitaa, ubora wa sauti ya santuri iliyopatikana, uwakilishi wa makabila na upatikanaji wa haki za kisheria. Uzito wa maneno haungeweza kutangulia.

5.0 Yanayobadilika Wimbo Unapokusanywa

5.1 Umbo

Nyimbo nyingi za wakati huo zilitolewa kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha wimbo mzima, kwa hiyo wimbo uligawanywa sehemu mbili. Upande wa kwanza ulibeba sehemu kubwa ya maneno. Muziki ulikatika, msikilizaji akageuza santuri, na upande wa pili ukaendeleza mdundo huku magitaa yakipewa nafasi zaidi. Mkato huo ulikuwa sehemu ya tajiriba ya kusikiliza, mithili ya kituo kati ya mishororo. Katika sidii, ambayo hubeba zaidi ya saa nzima ya muziki, sehemu hizo huweza kuunganishwa, au moja ikaachwa. Mwanafunzi anayechambua muundo wa wimbo kutokana na sidii hawezi kuona alichokifanya mtunzi kutokana na ufinyu wa nafasi aliyokuwa nayo.

5.2 Majina ya Watu

Katika jadi ya Wajaluo mna utendaji uitwao pakruok, ambapo mtu husimama kati ya muziki akajisifu au akamsifu mwenzake kwa mafumbo na lakabu, aghalabu baada ya kutoa fedha. Kwa istilahi za fasihi simulizi ya Kiswahili, pakruok inakaribiana na majigambo au kivugo, japo inatofautiana nayo kwa kuwa inategemea muziki usimame au ushuke ili msemaji asikike. Katika santuri, jadi hiyo ilijitokeza kama orodha za majina: wafadhili, marafiki, wafanyabiashara, mashemeji na vijiji vyao.

Kwa msikilizaji wa London, majina hayo ni sauti tu. Kwa msikilizaji wa ufuoni, yalikuwa kiini cha wimbo, kwa sababu yaliueleza mtandao wa watu waliouwezesha kurekodiwa. Mkusanyaji anayepima wimbo kwa utamu wa gitaa huenda akauacha ule wenye majina mengi kwa kuuona unajirudiarudia. Wimbo huo ndio ambao mwanahistoria wa jamii angeuhitaji kuliko mingine yote.

5.3 Lugha

Vichwa viwili vya nyimbo na albamu vinatosha kama mfano. Shauri Yako ni wimbo ulioletewa umaarufu mkubwa Kenya na Super Mazembe. Sanduku ya Mapendekezo ni jina la albamu ya Ochieng Kabaselleh, mwanamuziki Mjaluo aliyechanganya Kijaluo na Kiswahili, iliyotolewa Marekani. Mwalimu wa sarufi ataviona vyote viwili kuwa na kosa moja: nomino za ngeli ya LI-YA zimepewa upatanisho wa I-ZI. Kwa sanifu, ingekuwa shauri lako na sanduku la mapendekezo.

Lakini mifano hii miwili haiko sawa. "Shauri yako" ni usemi uliokwisha kuganda. Hata msemaji hodari wa Kiswahili sanifu huutumia akimaanisha kwamba matokeo yatakuwa juu ya mwenyewe, na akisema "shauri lako" huenda akaeleweka kuwa anazungumzia ushauri. Hapa upatanisho umebeba tofauti ya maana. "Sanduku ya mapendekezo" ni jambo jingine: ni mwelekeo hai wa Kiswahili cha bara wa kupunguza idadi ya ngeli katika mazungumzo. Mhariri wa ng'ambo, kwa kutojua tofauti hiyo, huacha vyote vilivyo, na kwa bahati njema data husalimika. Mhariri wa nyumbani aliyelelewa na mtihani wa taifa anaweza kushawishika kusahihisha. Akifanya hivyo atakuwa amefuta ushahidi wa lugha kama ilivyozungumzwa Kisumu na Nairobi katika muongo huo. Kanuni inayofuata ni rahisi: jina la wimbo linanukuliwa kama lilivyoandikwa kwenye santuri, na maelezo ya sarufi yanawekwa pembeni.

Tafsiri nayo hubadilisha maana. Albamu ya Misiani ya mwaka 1989, Piny Ose Mer, ilitolewa na kampuni ya GlobeStyle kwa jina la ziada la Kiingereza lenye maana ya dunia iliyopinduka juu chini. Kwa Kijaluo, jina hilo linasema kwamba dunia imelewa. Dunia iliyopinduka imepatwa na jambo. Dunia iliyolewa imejitakia, na bado inaweza kulevuka. Mwanafunzi anayejua Kiingereza tu ataikosa lawama hiyo yote.

5.4 Muktadha wa Kisiasa

Majina ya mikusanyiko ya ng'ambo ni ya furaha. Guitar Paradise ni kama kusema pepo ya magitaa, na Dance Mania ni wazimu wa dansi. Furaha hiyo ilikuwepo, kwani watu walicheza. Lakini katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa pia miaka iliyofuata jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na ukame wa 1984, na watu walichunga ndimi zao. Misiani alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zilizotafsiriwa kuwa za kisiasa. Kabaselleh alifungwa kwa madai ya uchochezi. Katika hali hiyo, watunzi walitumia fumbo, hekaya na ngano za wanyama, mbinu ambazo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anazijua. Mkusanyiko unaoadhimisha dansi peke yake huweza kulifanya fumbo lionekane kama mchezo wa maneno tu.

6.0 Mfano: Sigalame

Wimbo wa Issa Juma uitwao Sigalame unaonyesha vizuri hoja hii. Ni wimbo wa Kiswahili, na maudhui yake yanaelekea magharibi mwa Kenya. Unamzungumzia mtu aliyetoweka, ambaye inasemekana anafanya biashara pande za Bungoma na Busia, na biashara yenyewe haijulikani ni ya namna gani. Sigalame pia ni jina la mahali katika eneo la Funyula, Busia, si mbali na Port Victoria.

Msikilizaji asiyelijua eneo hilo atasikia kisa cha rafiki aliyepotea. Msikilizaji wa mpakani alikuwa na kumbukumbu nyingine. Katika miaka ya 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda duniani, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo hadi Chepkube, Bungoma, na watu wakatajirika kwa usiku mmoja. Kwa msikilizaji huyo, kutotajwa kwa biashara ndiko kuitaja. Wimbo umetumia taharuki na kimya, na jibu likaachiwa hadhira. Mbinu hiyo hufanya kazi pale tu hadhira inapojua kilichofichwa. Ukiuweka wimbo huo kati ya nyimbo nyingine kumi za dansi, bila maelezo ya mahali, utasalia mdundo mzuri uliopungukiwa na nusu ya maana yake.

7.0 Kuelekea Mikusanyiko ya Nyumbani

Mfano wa kuigwa upo. Mwaka 2008 shirika la Ketebul Music la Nairobi, chini ya Tabu Osusa, lilitoa Retracing the Benga Rhythm, kazi iliyoweka pamoja kitabu, sauti na filamu. Tofauti yake kubwa na mikusanyiko ya awali ni kwamba iliwafuata wanamuziki na wazee waliokuwa hai, ikawapa nafasi ya kueleza wenyewe. Baadaye shirika hilo lilitoa kazi nyingine za aina hiyo, ikiwemo ile ya mwaka 2013 kuhusu nyimbo za upinzani.

Wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji studio ili kuchangia. Kila santuri au kanda inayopatikana nyumbani kwa jamaa inaweza kuandikiwa kadi yenye mambo yafuatayo:

(a) Jina la wimbo na la bendi kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa yake ya tahajia.
(b) Namba ya santuri, kampuni, na kama wimbo una sehemu moja au mbili.
(c) Lugha zilizotumika, na mahali ambapo lugha hubadilika ndani ya wimbo.
(d) Majina yote ya watu na mahali yanayotajwa, hata yakiwa mengi.
(e) Maelezo ya mwenye santuri: aliinunua wapi, na wimbo ulieleweka vipi wakati huo.
(f) Nyimbo nyingine zilizowekwa pamoja nao, ikiwa ni kanda ya kunakiliwa.

Kipengele cha (e) ndicho cha dharura. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1985 amekwisha kuvuka sitini. Sauti ya wimbo inaweza kupatikana baadaye kwenye intaneti, lakini maana aliyoipata msikilizaji huyo haitapatikana asipoulizwa. Aidha, unakili wa sauti yenyewe uzingatie Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001: kuandika maelezo kuhusu wimbo ni utafiti, ilhali kuusambaza bila idhini ni kuurudia uharamia uliowafukarisha watunzi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba albamu ya mkusanyiko ni aina ya diwani, na kwamba uhariri wake hugusa umbo, majina, lugha na muktadha wa nyimbo. Mikusanyiko ya ng'ambo imehifadhi sauti za katikati ya miaka ya 1980, na kwa hilo inastahili shukrani. Haikukusudiwa kuhifadhi maana zilizokuwa vichwani mwa wasikilizaji wa Kisumu, Busia na Port Victoria. Kazi hiyo inawahusu wanaojua lugha za nyimbo hizo, na miongoni mwao wamo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Mkusanyaji ajaye, akiandika kadi zake leo, atakuwa na jambo la kuongeza ambalo kijitabu cha London hakikuweza kulisema.

Maswali ya Mjadala

1. Linganisha pakruok na majigambo kwa kuzingatia mtendaji, hadhira na nafasi ya muziki.
2. "Shauri yako" na "sanduku ya mapendekezo" ni matukio mawili tofauti ya kiisimu. Jadili.
3. Chagua mkusanyiko wowote wa nyimbo za zamani unaouzwa au kusikika katika eneo lako. Eleza vigezo vya uteuzi vinavyojitokeza, kisha utaje kilichoachwa nje.